Nilisema mahafali kwamba nimetoboa kwa jasho langu. Naomba niirekebishe hotuba ile hapa

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie kesho akitulia. Ni jambo linalonikaa kooni tangu mwezi wa nne na nimeona nikiendelea kukaa nalo nitakuwa nadanganya watu.

Shule yetu ya kata, upande wa Isongole kule Rungwe, iliniita kwenye mahafali ya kidato cha sita. Sisi tulipoingia pale mwaka 2009 hapakuwa na kidato cha tano wala cha sita. Palikuwa na madarasa manne, tope hadi magotini mwezi wa tatu, na baridi ile ya Mlima Rungwe ambayo mwezi wa sita inafanya kalamu isiandike. Leo wana maabara, wana bweni. Nikapewa kipaza sauti kama mtoto wa nyumbani aliyefanikiwa: bwana shamba, shahada ya SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine), pikipiki, kazi ya kuzunguka kwenye mashamba ya parachichi.

Nikasema kile ambacho sote tumezoea kukisikia kwenye mahafali. "Mimi nilikaa kwenye madawati haya haya. Nyumbani hatukuwa na kitu. Nilisoma kwa koroboi. Hakuna aliyenishika mkono. Ukiweka bidii utatoboa, na usipotoboa jiulize mwenyewe." Vigelegele. Mkuu wa shule akanipa mkono mara mbili.

Wakati wa chakula akaja rafiki yangu wa dawati. Tulikaa naye dawati moja miaka minne, kidato cha kwanza hadi cha nne. Alikuwepo kwa sababu mdogo wake wa mwisho, binti, alikuwa anahitimu siku hiyo. Tukasalimiana Kinyakyusa, ugonile, ugonile, tukacheka kidogo, tukaulizana habari za watoto. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, na hasira hana kabisa: "Umeongea vizuri ndugu yangu. Ila shangazi hukumtaja."

Sahani ikanishinda kuimaliza.

Sasa niwaeleze, ili mjue kwa nini maneno yale yaliniingia.

Huyu bwana na mimi tulitoka nyumba mbili zinazotazamana, katikati kuna mgomba na njia ya ng'ombe. Ukiuliza mtu wa takwimu atakuambia wote ni watoto wa maskini, wakulima wa viazi. Ada ya shule ya kutwa enzi zile ilikuwa 20,000 kwa mwaka, na ilikuwa inatusumbua nyumba zote mbili. Juu yake kulikuwa na michango: mlinzi, uji, dawati, mtihani wa moko. Kwa hiyo kwa karatasi tulikuwa sawa.

Tofauti ilikuwa hii. Mimi ni mtoto wa tano, wa mwisho. Yeye ni wa kwanza kati ya wanne, na baba yake alifariki mwaka 2008, tukiwa darasa la saba. Yule binti aliyekuwa anahitimu siku ya mahafali alikuwa na miaka miwili, bado yupo mgongoni.

Waliolima viazi wanajua kazi ya kuvuna ilivyo. Unaanza na umande. Kabla ya shule yeye alikuwa ameshafukua matuta mawili na kubeba gunia hadi barabarani kuwahi fuso la Mbeya. Na si gunia la kawaida, ni lumbesa. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi anakuja na sindano na kamba, anashona wavu juu ya mdomo wa gunia, anaujaza mpaka unakuwa mlima, halafu analipa bei ya gunia moja. Mimi nasema wazi, ada za watoto wengi wa Isongole, Makete na Njombe ziliishia kwenye ule mlima wa juu ya gunia. Watu wanajadili kwa nini mtoto wa mkulima hafiki mbali, na gunia la baba yake hawajawahi kulitazama.

Anafika shuleni kipindi cha pili. Anachapwa kwa kuchelewa. Anakaa, anafuta tope kwenye mikono kwa sweta, anafungua daftari. Na huyo huyo ndiye aliyenifundisha hesabu. Logariti zilinishinda kabisa, mwalimu wa hesabu alikuwa mmoja kwa shule nzima na alikuwa hana muda wa kurudia. Siku moja ya Jumamosi tunasubiri gari barabarani, akachukua kipande cha mkaa, akalaza kiroba kitupu kwenye nyasi, akaanza kuniandikia. Alikuwa na mwandiko wa kulala, herufi zinaegemea kulia kama zinapanda mlima. Akaandika, akafuta kwa kiganja, akaandika tena, mpaka nikaelewa. Gari likaja, kiroba chenye logariti kikajazwa viazi kikaenda Dar.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mimi nilikuwa na bidii kumzidi, wala akili.

Matokeo yetu ya kidato cha nne, mtihani wa 2012, yalitoka Februari 2013. Waliofanya mtihani ule wanakumbuka msiba wake. Zaidi ya watahiniwa 240,000 nchi nzima walipata sifuri. Serikali iliunda tume, na mwezi Mei matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Mimi awamu ya kwanza nilipata divisheni foo, yaani daraja la nne, tena ya mwisho mwisho. Yeye sifuri.

Siku ya pili yake shangazi yangu, dada wa baba, akashuka kwenye kosta kutoka Mbeya. Huyu mama alikuwa anauza mitumba. Soko la Mwanjelwa liliungua 2006, akapoteza meza na mzigo wote. Akaanza upya pale soko la SIDO, nako kukaungua 2011. Akaanza tena. Hakujaliwa mtoto. Hakukaa hata kwenye kigoda, alimwambia baba: "Huyu naondoka naye. Anarudia mtihani."

Baba akamuuliza, "Na viazi vitalimwa na nani?"

Shangazi akafungua khanga, akahesabu hela. "Tafuta kibarua. Hii hapa ya kumlipa."

Kibarua aliyepatikana ni nani? Ni jirani, rafiki yangu wa dawati. Wakuu, mwaka ule mimi nasoma tuisheni mjini chini ya taa ya umeme, chumba cha shangazi kule Ilomba, yeye alikuwa analima shamba la baba yangu kwa hela ya shangazi yangu, ili mimi nipate nafasi ya kukosea mara ya pili. Hilo ndilo nililiruka kwenye hotuba. Sikulisahau. Nililiruka, kwa sababu hadithi inakuwa tamu zaidi ukisimama mwenyewe.

Mwezi Mei matokeo yalipopangwa upya, yeye alitoka kwenye sifuri akapata foo, tena nzuri kuliko ile yangu ya kwanza. Ila Mei ilimkuta Ubaruku, Mbarali, kwenye kibarua cha kuvuna mpunga. Simu hakuwa nayo. Alijua mwezi wa nane aliporudi, na hata alipojua, angefanya nini nayo? Mdogo wake wa pili alikuwa anaingia kidato cha kwanza mwaka unaofuata na hela ya mpunga ilikuwa na kazi hiyo.

Yaliyobaki kwangu nitayapitisha haraka. Nilirudia mtihani Novemba 2013, nikapata pasi za kutosha, nikaingia chuo cha kilimo Uyole, cheti mpaka stashahada, halafu SUA Morogoro kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likichelewa nampigia shangazi. Likifika namrudishia kidogo, anakataa.

Nilipomaliza 2020 kazi hakuna. Nikajitolea mwaka mzima kwenye ofisi moja, bila mshahara, nauli juu yangu. Ni pale ndipo wenye kampuni ya parachichi waliponiona nikizunguka na wakulima, wakaniita. Sasa niulizeni nilikula wapi mwaka ule. Nilikula Ilomba, kwa shangazi. Tulihitimu wengi, wapo walionipita kwa alama kwa mbali, lakini hawakuwa na nyumba ya kulala mjini wakati wanafanya kazi ya bure. Wakarudi kijijini na shahada ile ile. Leo kwenye mahafali hawaitwi.

Nimeishia hapo kwa leo, nitarudi.

*

Nimerudi. Asanteni kwa michango, hata ya wale walionichamba. Nijibu machache.

Mkuu mmoja amesema: "Unawavunja moyo vijana, unawapa kisingizio cha uvivu." Nimekielewa kinachokusumbua, na mimi kinanisumbua. Lakini soma vizuri. Sijasema bidii haina maana. Huyu ndugu yangu bidii yake ipo, inaonekana, unaweza ukaishika. Wadogo zake wawili wa kati: mmoja ni fundi umeme Tunduma, wa pili ni muuguzi. Na wa mwisho ndio huyu aliyemaliza kidato cha sita. Amewasomesha watatu kwa viazi, mpunga na pareto. Bidii yake haikupotea, ilihamia kwa wadogo zake. Mimi yangu ilibaki kwangu yote kwa sababu nyuma yangu hakukuwa na mtu wa kubebwa, na juu yangu kulikuwa na mtu wa kunibeba. Kwa hiyo tukisema "familia" tusiishie kuuliza baba ana hela kiasi gani. Tuulize pia huyu mtoto ni wa ngapi, na ni nani anamsubiri ale.

Mwingine kauliza: "Mbona wapo yatima waliofika mbali?" Wapo, na nawaheshimu. Waulizeni taratibu, mkiwa wawili tu, watawatajia mtu. Padri, mwalimu wa kike aliyewachukua kwake, mjomba dereva wa TAZARA. Mchangiaji wa Makete hapo juu ameeleza alivyolelewa na bibi yeye na binamu zake sita, na kila mtu wa kusini anajua kwa nini bibi zetu wa Njombe walilea wajukuu wengi kiasi kile. Mkoa ule ndio ulioongoza kwa maambukizi ya VVU nchini, asilimia 11.4 kwenye utafiti wa 2016 hadi 2017. Anasema kati ya saba, yeye alisoma na wanne walipelekwa Dar kuwa dada wa kazi. Kilichomchagua yeye ni kwamba alikuwa mdogo mno kuajiriwa mwaka ule. Nimeyasoma maneno hayo mara tatu. Ndugu yangu, asante kwa kuyaandika.

"Hata watoto wa matajiri wanafeli." Wanafeli sana! Nimefanya kazi Mafinga miezi kadhaa, nimekaa karibu na watu wa mbao. Namfahamu kijana aliyepata sifuri, akarudia, akapata sifuri nyingine. Akapelekwa veta, chuo cha ufundi, akaacha. Baba akampa lori, akaligonga. Akampa la pili. Leo ana biashara inayosimama na kusema kweli anaifanyia kazi, anaamka saa kumi. Simsemi vibaya. Nasema tu kwamba amekosea mara nne na bado yupo uwanjani. Rafiki yangu alikosea mara moja, tena kosa lenyewe lilikuja kufutwa na serikali, na mchezo wake ulikuwa umekwisha.

Kuna aliyeleta hoja ya kabila, kwamba sisi Wanyakyusa shule tunaipenda kwa asili. Tunaipenda, kweli. Ila hii nayo ina chanzo chake. Wamisionari wa Moraviani walifika Rungwe 1891, na kijiji kilichokuwa karibu na misheni kilipata wasomaji vizazi vitatu kabla ya kijiji kilichokuwa nyuma ya mlima. Babu aliyejua kusoma akawa mwalimu au karani, mtoto wa karani akaenda shule ya Malangali, iliyofunguliwa 1928, mjukuu akaenda Makerere. Mkoloni mwenyewe hakuficha: shule ya Tabora aliianzisha akiwa na watoto wa machifu kichwani. Hata Mwalimu Nyerere, ambaye bidii yake hakuna wa kuibishia, alianza Mwisenge mwaka 1934 akiwa na miaka 12, na alikuwa mtoto wa Chifu Burito. Baadaye yeye mwenyewe akiwa rais alitaifisha shule za misheni, na nadhani alijua vizuri kwa nini.

Kuhusu elimu bila malipo, nakubaliana na wengi. Tangu Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imeondoka, na tangu 2022 ya kidato cha tano na sita nayo. Huyu binti asingemaliza bila hilo, kaka yake anasema kila siku. Na uamuzi wa Novemba 2021 wa kuruhusu walioacha shule kurudi, wakiwemo mabinti waliopata ujauzito, kwangu mimi ndio mkubwa kuliko yote, kwa sababu unagusa pale pale: nafasi ya pili. Kilichobaki ni mikono ya kulima. Ada imefutwa, lakini matuta ya saa kumi na moja asubuhi bado yapo.

*

La mwisho, kwa sababu mmeuliza nimefanya nini baada ya kugundua hayo.

Binti matokeo yake yametoka, amefaulu vizuri, anaomba mkopo wa Bodi. Kaka yake akanipigia, akaniuliza kama ninaweza kumwelekeza kujaza. Nikaenda. Tumekaa sebuleni kwa mama yao, simu yangu inaunganisha intaneti ya kompyuta, tumelipa ile 30,000 ya maombi, tunajaza vizuri mpaka tukafika kwenye taarifa za wazazi. Baba: amefariki. Ambatanisha cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo.

Cheti hakuna. Mzee alifia nyumbani, akazikwa kesho yake, watu wakalia, wakaondoa matanga, basi. Nani angeenda Tukuyu kufuata karatasi ya msiba? Kwa hiyo binti huyu aliyekua bila baba tangu miaka miwili, kwenye mfumo alikuwa si yatima. Na mwenye wazazi wote wawili kwa karatasi atapimwa kama mwenye wazazi wawili.

Mtu aliyezaliwa kwenye nyumba ya mtumishi hili analijua kabla hajamaliza kidato cha nne. Vyeti vipo kwenye bahasha ya kaki, juu ya kabati. Sisi kijijini tunajifunza siku tunapozuiwa.

Tukaanza safari. Mtendaji wa kijiji alituandikia barua, ila akataka tarehe kamili ya kifo. Mama anakumbuka ilikuwa msimu wa kupalilia mahindi, wiki moja baada ya ubatizo wa mtoto wa jirani. Tarehe hapana. Rafiki yangu akasimama, akasema, "Ipo kaburini."

Tukaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Msalaba wa saruji umeshikwa na ukoka na kuvu ya kijani, miaka 17 ya mvua za Rungwe. Akachuchumaa, akachomoa kisu cha kukatia mikungu, akaanza kukwangua taratibu, herufi moja moja, anapuliza vumbi, anakwangua tena. Binti ameshika simu tayari kupiga picha. Mama amesimama mbali kidogo, khanga mdomoni. Tarakimu zikatokea moja baada ya nyingine, zimeegemea kulia. Nikamtazama. Akasema, "Niliandika mimi, kwa msumari, saruji ikiwa mbichi." Alikuwa na miaka 13.

Kesho yake tulishuka Tukuyu, ofisi ya wilaya, na barua ya kijiji, barua ya kata na picha ya msalaba. Yeye siku mbili hizo hakwenda shambani, na wakati huu wa kuvuna mnajua maana yake. Nilimwambia nitamtafutia kibarua wa kushika nafasi yake, nitamlipa mimi. Alinyamaza muda mrefu, halafu akakubali. Kibarua nimemlipa kwa hela yangu, ila kiasi nilimwomba shangazi anipangie yeye mwenyewe, kwa sababu nilitaka naye ajue. Ana miaka 68 sasa, meza ameiacha, miguu inamsumbua. Nilimsomea uzi huu kwenye simu, sehemu ya kwanza. Akaniuliza kama nimeandika kwamba mwaka ule wa tuisheni nilikuwa naunguza sana ugali. Nimeandika sasa, shangazi.

Tumeambiwa cheti kitatoka. Fomu nyingine zote zimekamilika, wakili amegonga muhuri, na mdhamini ni kaka mtu. Kilichobaki ni uhakiki wa RITA kabla dirisha halijafungwa. Mwenye uzoefu wa karibuni, cheti cha kifo cha zamani kikishasajiliwa wilayani uhakiki wa mtandaoni unachukua siku ngapi? Na je, akituma maombi kwanza halafu akaambatanisha cheti baadaye, mfumo unaruhusu? Naomba anayejua ajibu hapa hapa, binti anausoma uzi huu.